Pole Isiyo na Kosa

Neno lililomponza Nashipae halikuwa gumu. Mtoto hulijua kabla hajaweza kufunga vifungo vya shati lake. Ukijikwaa, unaambiwa. Ukitoka safari, unaambiwa. Ukifiwa, ukiugua, ukipita na ndoo ya maji kichwani, ukikaa kwenye foleni tangu asubuhi, kila anayekuona anakwambia: pole. Nashipae alikuwa muuguzi katika zahanati moja ya Nduruma, na kwa kazi hiyo alilitamka neno hilo mara nyingi kuliko alivyotamka jina lake mwenyewe.

Siku ya usaili alilitamka tena, ila siku hiyo alilitamka kwa Kijerumani. Hapo ndipo mambo yalipokwenda mrama.

Usaili ulifanyika katika ukumbi wa hosteli moja ya kanisa, mjini Arusha. Hospitali moja ya kusini mwa Ujerumani ilikuwa imemtuma mtu wake, Bwana Kessler, mzee mrefu mwenye miwani ambaye alifanya kazi ya uuguzi tangu ujana wake, aje kuwapima wauguzi waliotaka kwenda kufanya kazi kwao. Vyeti vilikuwa vimetangulia. Mamlaka ya huko ilikuwa imevilinganisha na masomo yao, ikasema kwamba Nashipae ni muuguzi, ila ana pengo: hakufundishwa kwa kina utunzaji wa wazee wasioinuka kitandani. Pengo hilo lingezibwa kwa kozi ya miezi kadhaa katika wodi zao, na mwisho wa kozi angetambuliwa kuwa muuguzi kamili. Kilichobaki ni hospitali kukubali kumpa nafasi ya kozi hiyo.

Bwana Kessler hakuwa mtu wa maswali mengi. Alivua viatu, akapanda kwenye kitanda cha chuma kilichowekwa katikati ya ukumbi, akavuta shuka mpaka kifuani na kuwa mgonjwa. Dada mmoja aliyefuatana naye alikaa pembeni akiandika.

"Nimeanguka bafuni," alisema Bwana Kessler kwa Kijerumani, akiugulia.

"Entschuldigung," alisema Nashipae, kwa upole wote aliojaliwa na Mungu.

Bwana Kessler alifungua jicho moja. "Nyonga inaniuma sana."

"Entschuldigung."

"Usiku kucha sikupata usingizi."

"Entschuldigung, baba. Entschuldigung sana."

"Na mke wangu alifariki mwaka jana."

Nashipae aliweka mkono kifuani. Akalirudia neno lile, na safari hii machozi yalimlenga. Alipotoka ukumbini alikuwa na hakika kwamba amefaulu. Jioni hiyo alimshukuru Mungu kwa sala ndefu mpaka mumewe, Lemburis, akakohoa kumkumbusha kwamba ugali unapoa.

Majibu yalikuja baada ya majuma machache, kwa barua pepe. Walisema anaijua kazi. Lakini walisema pia kwamba anaomba radhi kwa kila jambo, hata jambo ambalo si yeye aliyelifanya, na kwamba mtu wa namna hiyo hajiamini, au kuna kosa kubwa alilowahi kumfanyia mgonjwa na linamtesa. Kozi hawawezi kumpa. Wanaweza kumchukua kama msaidizi wa wodi. La sivyo, arudie usaili watakapokuja tena kabla ya Krismasi, na mara hiyo ndiyo ya mwisho.

Msaidizi wa wodi. Nashipae aliisoma ile barua akiwa amesimama jikoni kwake, mtaa wa Kwa Mrombo, akahisi kama mtu amemrudishia mkononi fimbo ya deki.

Kwa maana hakufika kwenye uuguzi kwa njia iliyonyooka. Alipomaliza darasa la saba alirudishwa nyumbani, upande wa magharibi wa Meru, kuchunga mbuzi. Ada ilitosha kaka zake tu. Akaolewa. Akapata kazi ya mhudumu katika hospitali moja: kupiga deki, kumwaga mabeseni, kubadilisha mashuka. Huko aliona jinsi wauguzi walivyoitwa Sista, naye akiitwa "wewe". Wewe, lete ndoo. Wewe, njoo upanguse hapa. Akajiunga na masomo ya jioni, akakaa dawati moja na watoto ambao angeweza kuwa shangazi yao, akafanya mtihani wa kidato cha nne, akaanguka, akaurudia, akapita. Alipoingia chuo cha uuguzi mvi za kwanza zilikuwa zimeshaanza kuchungulia chini ya kitambaa chake. Na siku mgonjwa alipomwita Sista kwa mara ya kwanza, aliingia stoo ya dawa, akafunga mlango, akapiga magoti katikati ya maboksi na kumwambia Mungu asante.

Sasa barua ilikuwa inamwambia kwamba akishuka tu kwenye ndege atarudi kuwa "wewe".

Na ile kozi ndiyo hasa aliyokuwa akiitafuta. Mama yake mzazi alilala kitandani miaka yake ya mwisho, na vidonda vilivyomtoka mgongoni Nashipae alivisafisha kila siku, alivifunga, aliviombea, na havikupona. Tangu hapo alitamani kuijua kazi ile kwa undani, arudi nayo nyumbani, maana wazee wa namna hiyo sasa wako kila mtaa. Msaidizi wa wodi hafundishwi hayo. Msaidizi wa wodi anaelekezwa ndoo ilipo.

Jioni ya siku ile alikwenda darasani kama kawaida. Darasa la Kijerumani lilikuwa katika chumba cha Sunday School, Ngarenaro, nyuma ya karakana za mafundi wa vyuma, na masomo yaliendeshwa kwa kupandisha sauti juu ya nyundo. Mwalimu wao alikuwa mzee Ndesanjo, Mchaga aliyeishi Ujerumani miaka mingi na kurudi na suti mbili na lugha.

"Shikamoo mwalimu," alisema Nashipae.

"Marahaba. Mbona uso umekunjamana kama gazeti la juzi?"

Nashipae alimpa simu aisome barua. Ndesanjo aliisoma, akavua miwani, akaisoma tena bila miwani.

"Hii Entschuldigung wanayoilalamikia umeitoa wapi?" aliuliza.

"Kwako, mwalimu."

"Kwangu?"

"Kwako. Siku ya kwanza kabisa nilikuuliza, pole wanasemaje. Umeme ukakatika. Ukasema, semeni Entschuldigung, twendeni nyumbani."

Darasa zima lilicheka isipokuwa watu wawili, yaani mwalimu na Nashipae. Aikande, muuguzi kijana aliyekuwa anajiandaa kwa usaili wake wa kwanza, alicheka mpaka akalaza kichwa kwenye dawati. Ndesanjo alikaa.

"Mama Namnyaki, nisamehe," alisema, akimwita kwa jina la binti yake. "Ile ni samahani. Tena ni samahani nzito, ndani yake wameweka neno hatia. Wewe ulikuwa unamwambia yule mzee: umeanguka, kosa langu. Nyonga inauma, kosa langu."

"Na mke wake amekufa," alisema Aikande, akiinua kichwa, "kosa langu."

"Aikande, nyamaza."

"Nimenyamaza, mwalimu. Lakini ningekuwa yule mzee ningeita polisi."

Hapo Nashipae naye akacheka, ingawa hakutaka. Kisha akauliza swali lililobaki. "Basi pole yenyewe wanasemaje?"

Ndesanjo alikuna kidevu. Nje fundi alipiga chuma, akanyamaza, akapiga tena. "Hawana," alisema mwalimu.

"Watu wazima wasiwe na pole?"

"Wanayo, ila wameikatakata vipande, na kila kipande kina mahali pake. Mtu akifiwa kuna maneno yake. Akiugua unamtakia apone. Ukimkanyaga unaomba radhi. Lakini amejikwaa mwenyewe, wewe uko upande wa pili wa barabara? Hakuna neno. Amebeba ndoo? Hakuna neno. Ametoka kazini amechoka? Hakuna neno. Unamwacha achoke."

"Sasa mimi niseme nini?"

"Usiseme kitu. Lifunge hilo neno mdomoni mpaka usaili upite."

Nashipae ni mtu wa kutii. Kesho yake alianza mazoezi. Mgonjwa akiingia anachechemea, Nashipae alibana midomo na kuonyesha kiti. Mtoto akichomwa sindano na kulia, alitazama ukutani. Lilikuwa zoezi gumu kuliko vitenzi vyote vya Kijerumani, lakini siku zilivyokwenda ulimi ukaanza kuzoea.

Koko Theresia ndiye aliyemshtua. Alikuwa bibi mwenye kidonda cha mguu, aliyekuja zahanati kubadilishiwa bandeji tangu mvua za masika. Nashipae alifungua bandeji, akasafisha, akafunga upya. Kazi safi. Bibi alipojikunja kwa maumivu, Nashipae alikaza midomo.

"Sista," alisema Koko Theresia, "nimekukosea nini?"

"Hujanikosea kitu, Koko."

"Basi nani amekukosea, ili nimlaani. Maana si bure. Nimekuja hapa naumwa mguu mmoja, sasa naumwa na moyo."

"Kwani dawa si nimekuwekea?"

"Umeweka. Lakini dawa bila pole, mwanangu, ni kama kulishwa na mtu aliyekugeuzia mgongo." Bibi alichukua fimbo yake. "Nitakuja Alhamisi. Ukiwa bado hivi, nitabadilishiwa na yule kijana wa maabara."

Nyumbani haikuwa afadhali. Jumamosi Lemburis alikuwa anagongelea ubao wa banda la mbuzi, nyundo ikatua kwenye kidole gumba. Alikishika kidole, akamtazama mkewe, akasubiri. Nashipae alimwangalia. Midomo ilicheza, neno halikutoka.

"Haya," alisema Lemburis, akipuliza kidole. "Mke wangu ameshafika Ujerumani. Hapa umebaki mwili tu, unasubiri viza."

Nashipae alikwenda ndani, akaketi kitandani, akalia. Hakulilia usaili. Alilia kwa sababu kidole kile kilimuuma na yeye, na alikuwa amejifundisha kutoonyesha.

Alfajiri ya Jumatatu alitoka kabla watoto hawajaamka. Mlima Meru ulikuwa wazi, bila wingu hata moja, kama unavyokuwa saa hizo kabla haujajifunika. Alisimama kando ya banda na kuomba. "Bwana, kama mlango huu ni wako, usiufunge kwa sababu ya ulimi wangu. Na kama si wako, nipe kuridhika. Lakini huruma uliyonipa usiniondolee ili nipate kazi ya huruma. Hiyo itakuwa hasara mara mbili." Mbuzi walitafuna. Akamkumbuka Bwana mwenyewe, jinsi alivyolia kaburini kwa rafiki yake. Hakuwa na hatia katika kifo kile, wala hakuanza kwa maneno. Alianza kwa machozi. Kwa hiyo, Nashipae aliwaza, pole huwa ipo kabla ya neno lake.

Wazo hilo alilipeleka kwa mwalimu Ndesanjo jioni, wenzake walipokwisha kutawanyika. Ndesanjo alilisikiliza huku akifuta ubao.

"Ngoja nikwambie kitu," alisema. "Mimi nilikwenda kule nikiwa fundi wa mitambo ya kuchapa, nina cheti. Cheti kikalala chini ya godoro mpaka kikanyooka kuliko shati la pasi. Hakuna aliyekitaka. Nikapewa kazi ya kupanga maboksi. Siku moja maboksi yakaniangukia, mguu ukavunjika. Nikalazwa. Nakwambia, pale wodini hakuna mtu aliyenipa pole. Nikawachukia wote. Nikasema, hawa wana barafu tumboni."

"Ikawaje?"

"Kulikuwa na nesi mmoja wa zamu ya jioni, mama mnene, hacheki. Blanketi yangu ilikuwa fupi, vidole vya mguu wenye plasta vilikuwa nje, vinaganda. Sikusema kitu. Yeye alipita, akaona, akavua sweta yake, akakivisha kile kiguu kama mtoto. Akavuta kiti, akakaa. Akaniuliza, unaumwa wapi hasa? Akasubiri nijibu. Kijerumani changu kilikuwa cha kuokoteza, nilichukua muda, yeye akasubiri tu." Ndesanjo aliweka kifutio chini. "Ndipo nilipojua. Pole wanayo. Wanaivuta pamoja na kiti."

Tangu siku hiyo Nashipae aliacha kubana midomo. Alhamisi Koko Theresia alipokuja, alipewa pole zake zote pamoja na zile alizodai za nyuma. Lakini kabla ya pole, Nashipae alivuta kiti, akakaa, akauliza unaumwa wapi hasa, akasubiri. Bibi alieleza mguu, akaeleza mgongo, akaeleza mkwe wake. Foleni ilirefuka kidogo siku hiyo, ila hakuna aliyelalamika, maana kila mmoja alijua zamu yake ya kuvutiwa kiti inakuja.

Usaili wa mara ya pili ulifika mijakaranda ikiwa imeshamaliza kumwaga maua yake barabarani. Ukumbi ni uleule, kitanda cha chuma ni kilekile, Bwana Kessler na miwani yake, dada na kalamu yake. Kwa sababu ya joto mlango uliachwa wazi, na wauguzi waliosubiri walikaa kwenye korido, Aikande akiwa wa kwanza kwenye benchi. Mama Agnela wa hosteli alikuwa anapita na chupa ya chai. Dirishani, kwa nje, alikaa mlinzi.

"Sista, uko sawa?" aliuliza Aikande.

"Nimelala na daftari kifuani."

"Usijali. Safari hii akifa mke wake, wewe huna kesi."

Nashipae aliingia. Bwana Kessler alikuwa tayari chini ya shuka, mzee aliyeanguka bafuni, na aliugulia kama zamani. Nashipae hakusema neno. Alivuta kiti, kikakwaruza sakafu, akakaa usawa wa macho ya mgonjwa. Aliona mguu mmoja uko nje ya shuka, ndani ya soksi ya kijivu. Akaufunika. Kisha akauliza, kwa Kijerumani chake cha Ngarenaro, unaumwa wapi hasa? Akasubiri.

Bwana Kessler alijibu. Nashipae aliomba ruhusa kabla ya kugusa. Aliuliza alianguka upande gani, aliamka vipi, anatumia dawa gani. Mzee alipotaja mke aliyefariki, Nashipae hakukimbilia swali lingine. Alikaa naye kimya, mkono ukiwa juu ya shuka, kisha akauliza mke aliitwa nani.

Dada wa kalamu aliandika, akaacha kuandika, akatazama.

Bwana Kessler aliketi kitandani, akavaa miwani. Mgonjwa alikwisha, sasa alikuwa msaili. "Vizuri," alisema, polepole ili aeleweke. "Vizuri sana. Lakini lazima nikuulize. Mara ile uliomba radhi, tena na tena. Leo hukuomba hata mara moja. Hospitali inataka kujua. Je, kuna mgonjwa uliyewahi kumdhuru?"

Nashipae alifungua mdomo. Alikuwa amejiandaa kwa maswali ya dawa, ya mapigo ya moyo, ya usafi wa mikono. Hili hakulitarajia. "Hapana," alisema. "Kwetu..." Akatafuta. Kwetu kuna neno. Kwetu, mtu akiumia. Maneno ya Kijerumani aliyokuwa nayo yalikimbia yote kama kuku walioona mwewe. "Kwetu," alisema tena, na hapo akakwama. Alimwomba Mungu kimoyomoyo, sala fupi isiyo na amina.

Bwana Kessler alisubiri. Kisha alimtazama mwenzake, akatikisa kichwa kwa masikitiko, akateremsha miguu kitandani ili asimame. Kitanda kilikuwa cha zamani, na chini yake kilikuwa na chuma kilichochomoza. Muundi wake ulikutana na kile chuma kwa kishindo kilichosikika mpaka nje.

"Pole," alisema Nashipae, kabla hajajijua.

"Pole, pole sana baba," alisema Aikande mlangoni, ameshasimama.

"Pole," lilisema benchi lote.

"Poleni jamani huko," alisema mlinzi dirishani, ambaye hakuona chochote, alisikia tu mlio.

Na kutoka mwisho wa korido, pamoja na sauti ya chupa ya chai ikiwekwa chini, Mama Agnela alimalizia: "Pole baba wee."

Bwana Kessler alikuwa ameshika mguu wake kwa mikono miwili. Alitazama mlango, akatazama dirisha, akatazama tena mlango. "Kwa nini wote?" aliuliza. "Nimejigonga mwenyewe. Hakuna aliyenisukuma. Wanasema nini hawa?" Akamnyooshea kidole Mama Agnela aliyekuwa ameshachungulia mlangoni. "Yeye amefanya nini?"

Aikande alimtafsiria.

"Mimi?" alisema Mama Agnela. "Nilikuwa na chai yangu. Nimefanya nini tena?"

"Anauliza mbona umempa pole, wakati si wewe uliyemuumiza."

Mama Agnela alimwangalia yule mzee mrefu kwa muda, kama mtu anayetazama mtoto wa wenyewe aliyekuzwa vibaya. "Sasa mtu ameumia nisimpe pole? Mwambie mimi nimelelewa."

Aikande alitafsiri neno kwa neno. Dada wa kalamu alianza kucheka kwanza. Bwana Kessler hakucheka. Alikaa tena kitandani taratibu, akamgeukia Nashipae, na macho yake yalikuwa yamebadilika.

"Neno hili," alisema. "Mara ile. Ulikuwa unasema hili?"

"Ndiyo," alisema Nashipae, na sasa Kijerumani kilirudi, si chote, vipande vichache tu, lakini vilitosha. "Mimi sikufanya. Mimi nimeona tu."

Mzee alirudia maneno hayo kwa sauti ya chini, kama mtu anayeyaonja.

Nashipae aliona suruali ya mzee ya kitambaa chepesi inaanza kuloa damu kwenye muundi. "Naweza kugusa?" aliuliza. Hakungoja kalamu iandike. Alikunja ile suruali, akamwomba Mama Agnela maji yaliyochemshwa, akatoa shashi safi kwenye mkoba wake, maana muuguzi wa zahanati hatembei bila shashi, akasafisha mchubuko, akaufunga. Alipomwona amekunja uso, alimpa pole nyingine, na safari hii hakuna aliyeuliza maana yake.

Bwana Kessler aliutazama ule mguu uliofungwa. Akazungumza na mwenzake kwa Kijerumani cha haraka ambacho Nashipae hakukipata, ila alisikia neno kozi, na alisikia neno muuguzi, na la msaidizi hakulisikia. Kisha yule mzee akamgeukia.

"Utakuja kwa kozi," alisema. "Utakuja kama muuguzi. Miezi itakuwa migumu, na wazee wetu wengine ni wakali. Lakini nafasi ni yako, na taarifa ya kwanza nitaiandika upya mimi mwenyewe." Alisita. Akavua miwani. "Na... pole. Kwa mara ile."

Nashipae alitambua kwamba pole ile ilikuwa na kosa ndani yake. Ilikuwa pole ya Kijerumani, imevaa nguo ya Kiswahili. Aliipokea hivyohivyo.

"Nimeshapoa," alijibu.

"Hiyo maana yake nini?"

Alitafuta tafsiri, hakuiona. "Utajifunza," alimwambia. "Pole pole."

Bwana Kessler aliinua nyusi. "Mara mbili? Nimeumia zaidi?"

Aikande alishika mlango asianguke kwa kicheko.

Nje jua lilikuwa limewaka na Meru ulikuwa umeshajifunika mawingu yake ya mchana. Nashipae alisimama kwenye ngazi za hosteli, akainamisha kichwa, akaomba sala ya shukrani ambayo mlinzi aliiheshimu kwa kuvua kofia bila kuulizwa. Alipomaliza alimpigia mumewe.

"Wamesemaje?" aliuliza Lemburis. Nyuma yake mbuzi walikuwa wanalia.

"Muuguzi," alisema Nashipae. "Wamesema muuguzi."

Upande wa pili simu iliwekwa chini. Alimsikia akiwaondoa mbuzi, akamsikia akifunga lango la banda, kama mtu anayehitaji kazi ya mikono kwanza ndipo aweze kusema. Halafu akarudi kwenye simu.

"Basi," alisema Lemburis. "Pole na kazi, Sista."